Isha, hiyo meza usiigawe kwanza

Bobigny, Jumapili usiku

Shosti wangu Isha,

Assalaam aleikum. Habari za hapo nyumbani, mama hajambo, Nassoro na mguu wake anaendeleaje, Tatu kashajifungua au bado anatembea na lile tumbo? Mimi huku sijambo alhamdulillah, kazi na baridi tu, wacha nisikuchoshe.

Voisi zako nimezisikiliza zote, hata ile ya usiku wa manane ambayo nusu yake ni majogoo ya Mama Chuki na nusu kwikwi. Pole sana mwaya. Najua pole nilishakupa siku ile kwenye simu lakini simu ya msiba unaijua, mtu anasema kazi ya Mungu haina makosa, anatafuta la kuongeza hana, mara salio linakata. Hamza mimi bado sijaamini. Juzi nimemuona bibi mmoja kituoni anabishana na mashine ya tiketi, anaigombeza kabisa kwa kidole, nikatoa simu nimtumie Hamza, nimeshafungua jina lake ndio nakumbuka. Sasa mimi niliyekuwa naongea naye mara moja moja nipo hivi, wewe mliyekuwa mnakaa meza moja kila wiki sijui ukoje.

Ila kilichonifanya niache kulala na kesho nina zamu ya asubuhi ni ile voisi ya mwisho. Meza ya kuchorea unampa mtoto wa Kidevu, brashi unagawa, kibonzo chenu cha gazetini, Bi Kiroboto, Hamza akiandika na wewe ukichora, ndio basi tena, na wewe unaingia Kariakoo kuuza vitenge na dada yako. Vitenge sina neno navyo, vina hela kuliko vibonzo, hilo hata Hamza alikuwa anakwambia. Ni ile sababu. "Mimi nilikuwa mkono tu, kichwa alikuwa Hamza." Hiyo imenikaa kooni kama mwiba wa changu, haishuki haitoki. Ndio maana nakuandikia badala ya kukurudishia voisi, maana kwenye voisi utaniruka tu, nakujua.

Sasa tulia nikusimulie habari za mzee mmoja. Yule mtoto ninayemlea, kila siku kabla ya kulala lazima tusome vitabu vya katuni vya Astérix, yule Mgalia (Wagalia ndio wenyeji wa kale wa Ufaransa) mfupi mwenye masharubu anayewatandika askari wa Kirumi akishakunywa dawa ya mganga wa kijiji. Mimi mwanzo nilikuwa nasoma kujifunza Kifaransa tu, hata sijali. Mpaka dada wa maktaba hapa mtaani akaniambia unajua huyu Astérix kazaliwa hapahapa Bobigny? Nikadhani ananitania. Bobigny hii Isha, mwisho wa metro laini ya 5, maghorofa ya serikali, Wakomoro, Wamali, Waalgeria, huku kwetu ambako Waparisi wenyewe hawafiki labda wapotee. Kumbe ni kweli. Mwaka 1959 mchoraji wake, Albert Uderzo, alikuwa anakaa kwenye flati ya nyumba za bei nafuu hapa, na mwenzake René Goscinny, huyo ndiye mwandishi, alikuja wakakaa wanavuta sigara na kunywa pastis, pombe yao ya huku, wanatafuta wazo. Kulikuwa na gazeti jipya la vijana, Pilote, linataka kutoka Oktoba, na walichokuwa wameandaa mwanzo, hadithi ya mbweha ya zamani za Wafaransa, wakagundua kuna mchoraji mwingine keshaifanya. Muda umebaki kiduchu. Ndio wakaanza kuhesabu historia ya Ufaransa kuanzia watu wa mapangoni, walipofika kwa Wagalia wakaona hapahapa.

Sasa nisikilize hapa. Goscinny, kichwa kama unavyosema wewe, alitaka shujaa awe kimtu kidogo, mjanja, hana sura ya kutisha. Uderzo yeye alikuwa kashaanza kuchora jitu la miraba minne, ndivyo alivyopenda, mijitu yenye nguvu. Akakubali ya mwenzake, akachora mfupi. Halafu akaongeza na lile jitu pembeni, ndio Obélix! Mkono umeleta huyo. Leo mwambie mtoto yeyote wa hapa achague mmoja kati ya wale wawili uone atachagua nani. Na kijiji chenyewe kiwe wapi, Goscinny alimwachia Uderzo achague, alichotaka yeye ni kiwe karibu na bahari tu ili wapate kusafiri kwa mashua. Uderzo akachagua Bretagne, pwani ya magharibi ya Ufaransa, kwa sababu wakati wa vita alikaa huko shambani na kaka yake, aliyekuwa anajificha Wajerumani wasimpeleke kufanya kazi viwandani kwao. Yani bahari yote ile, mawe yale, vibanda, ni macho ya yule aliyeshika brashi.

Nikakumbuka kanga za Bi Kiroboto. Hamza aliandika wapi kwamba awe anajifunga kanga mbili zisizofanana halafu ananing'iniza funguo kiunoni? Hakuandika. Nilikuwepo, barazani kwa Mama Nassoro, ulichora tu huku unakula embe, Hamza akacheka mpaka akapaliwa, na kuanzia hapo zile funguo zikawa na hadithi zake, za chumba kipi, nani kafungiwa. Kichwa kikawa kinafuata mkono siku ile. Umesahau?

Haya, huyo Uderzo mwenyewe ukimsikia alivyoanza utacheka au utalia. Wazazi Waitaliano, wahamiaji, baba fundi seremala, kazaliwa 1927 mji mdogo unaitwa Fismes, utoto wake akakulia Clichy-sous-Bois, ndio kulekule kulikoanzia zile vurugu za 2005 za vijana kuchoma magari. Alizaliwa na vidole sita kila mkono, vya ziada wakavikata akiwa mdogo. Halafu haoni rangi vizuri! Nyekundu na kijani zinamchanganya, ikabidi rangi zake awe anazibandikia majina, na mara nyingi yeye anachora kwa wino mweusi wanaopaka rangi ni wengine, mdogo wake Marcel akiwemo. Chuo cha sanaa hakwenda, kaka yake Bruno ndiye aliyeona mtoto ana kipaji akampeleka kwa wachapishaji akiwa kijana mdogo kabisa, akafundishwa kuandika herufi na kurekebisha picha. Na alipofika kwenye Pilote hakuwa na Astérix peke yake, toleo hilohilo la kwanza alikuwa na katuni nyingine ya marubani wa ndege za kivita, Tanguy na Laverdure, kaandika Charlier. Ile ni mchoro wa kweli kabisa, ndege mpaka misumari yake unaiona, na wiki hiyohiyo anageuka anachora Wagalia wenye mapua kama viazi. Miaka kadhaa alienda hivyo. Mkono tu? Mkono gani huo wa tu?

Sasa nifike pale ninapotaka. Novemba 5, 1977 Goscinny alikwenda kwa daktari wa moyo kupima, akapandishwa baiskeli ya mazoezi, moyo ukasimama hapohapo, ana miaka 51. Kama Hamza tu Isha, katoka nyumbani mzima. Walikuwa wako kati na kitabu cha Astérix kwenda kwa Wabelgiji. Maneno Goscinny alishayamaliza, Uderzo ndiye alikuwa hajamaliza kuchora. Nimekiazima hicho kitabu maktaba, ninacho hapa mezani. Ukifungua mwanzo ni jua, mbingu buluu, watu wanapigana kwa furaha zao, unafika mahali ghafla mbingu inakuwa ya kijivu na mvua inaanza. Hakuna anayesema mvua imetoka wapi. Inanyesha boksi baada ya boksi, mistari imelala upande, na wale watu wanaendelea na vituko vyao chini ya mvua kama kawaida. Aliianzisha pale alipokuwa amefika siku aliyopata habari. Mtoto aliniuliza mbona wamelowa, nikamwambia huko Ubelgiji mvua ni nyingi, ambayo pia si uongo.

Na usidhani aliinuka kesho yake akachapa kazi. Alitaka kuacha, kama wewe. Halafu mchapishaji akampeleka mahakamani! Walikuwa na ugomvi wao wa mikataba tangu Goscinny yuko hai, na Uderzo alikuwa kagoma kutoa kurasa zilizobaki, mahakama ikamwambia maliza. Akamaliza, kitabu kikatoka 1979. Nakwambia hili kwa sababu ya yule mhariri wako. Nimesikia kwa Tatu, wewe hukuniambia, kwamba kashampigia simu mchoraji mwingine amtengenezee Bi Kiroboto wa bei poa na matanga hayajaisha. Ati wahusika ni mali ya gazeti. Mali ya gazeti kwa mkataba upi? Mnalipwa kwa kipande, na wakati mwingine vocha ya simu, leo mna mkataba? Isha usisaini kitu. Hata kama anakuja na bahasha ya rambirambi, pokea rambirambi, kalamu rudisha.

Maana Uderzo alifanya hivi, na hapa ndipo ninapompendea. Mwaka huohuo 1979 akafungua kampuni yake ya kuchapisha, akaiita Albert René. Albert yeye, René marehemu. Na kitabu cha kwanza alichoandika na kuchora mwenyewe, 1980, cha kijiji kilichogawanyika katikati kwa handaki, upande huu chifu wake na upande huu chifu wake, kwenye jalada majina bado ni mawili. Mpaka mwisho majina mawili. Kitabu kilichofuata akampeleka Astérix Mashariki ya Kati, mle ndani kuna mtu anawasaidia njiani, ukimwangalia sura ni Goscinny mwenyewe, kamchora. Tangu miaka ya hamsini walikuwa hivyo, 1956 Goscinny alifukuzwa kazi kwa sababu alikuwa anawakusanya wachoraji na waandishi wadai haki zao, na Uderzo akaondoka naye, akaacha mshahara. Kwahiyo shemeji Mwajuma, yuko edani na wale watoto watatu, na jina la Hamza, unaona ninapoelekea. Bi Kiroboto akiendelea, jina la Hamza likae palepale juu na fungu lake liende kwa Mwajuma. Akifa Bi Kiroboto, Mwajuma anapata nini? Picha ya ukutani?

Nisikudanganye lakini, maana najua utakwenda kuvitafuta hivyo vitabu uje unisute. Vya peke yake si sawa na vya wawili. Kuchora, mkono ni uleule, hata mzuri zaidi mahali pengine, ile mijengo ya Kirumi na misongamano ya watu unaweza kukaa ukurasa mmoja robo saa. Lakini maneno yalipungua chumvi. Goscinny alikuwa anakupiga utani juu ya utani, mtoto anacheka kwa lake na mtu mzima kwa lake, Uderzo akiwa peke yake unaona anasukuma. Hicho cha handaki mimi nimekipenda, wengine wanakisema. Ila cha 2005 wanakuja viumbe wa anga kijijini kwa Wagalia, jamani. Nilifunga katikati, mtoto naye hakudai. Watu walimshambulia sana kwa kile, na akazeeka, mkono ukamsumbua, 2008 fungu lake kwenye kampuni akaliuza kwa Hachette, wachapishaji wakubwa wa huku, bintiye wa pekee akampinga hadharani kwenye gazeti, wakafikishana mahakamani kwa miaka, 2014 ndio wakapatana. Mwanzoni alishasema akifa yeye Astérix afe naye, baadaye akabadili mawazo. Na alipokabidhi, 2013, alikabidhi kwa watu wawili, mmoja anaandika mmoja anachora. Hapo nilisimama nikasema haa, mzee umejibu mwenyewe.

Ndio ninachokwambia mimi: kuacha usiache, lakini na Hamza pia usijifanye. Usikae usiku unajaribu kuandika vichekesho kama vyake, utaumia bure. Tafuta mtu. Yule Sele wa redioni anayeigiza sauti za makondakta, yule ana mdomo, sijui kama ana adabu ya deadlaini lakini mdomo anao. Au anza na za bila maneno kabisa, Bi Kiroboto na mgambo, Bi Kiroboto na foleni ya maji, hana haja ya kusema kitu yule bibi, mgongo wake tu unaongea.

Kuna jambo moja lazima niliseme, maana ningekaa kimya ningekuwa namsifia mtu kama maiti. Kwenye vile vitabu kuna maharamia, meli yao inazamishwa kila safari, ndio utani wenyewe, na juu ya mlingoti kuna mlinzi mweusi. Midomo myekundu mikubwa kama soseji, herufi r hawezi kutamka. Ni kejeli ya katuni nyingine ya maharamia iliyokuwa kwenye Pilote hiyohiyo, watu wa hapa watakueleza hivyo haraka haraka kabla hujauliza. Sawa, kejeli. Mimi nasoma na mtoto wa watu usiku, mimi nilivyo mweusi hivi, tunafika ukurasa ule, anamwangalia yule halafu ananiangalia mimi. Huwa nafungua ukurasa wa mbele. Na huyo aliyechora ni mtoto wa wahamiaji, ambaye alipokuwa mdogo kuna mtu alimtemea mate barabarani kwa sababu ni Mtaliano! Sasa sijui. Nampenda na ile midomo siipendi, na zote ni za brashi ileile. Ungekuwa hapa tungebishana mpaka alfajiri, Hamza angekuwa upande wako kwa makusudi ili tu anikasirishe.

Alikufa Machi 24, 2020, moyo, usingizini, ana miaka 92, katikati ya ile korona hakuna hata aliyepata nafasi ya kumlia sawasawa. Mimi nilikuwa sijamjua bado. Vitabu vyao vimeuzwa zaidi ya milioni 350, na kile cha kwanza, 1961, walichapa nakala 6,000 tu. Gazeti lako linatoa ngapi siku za Ijumaa? Nauliza tu.

Na kabla sijafika kwenye maswali, brashi mbili na wino ulioniagiza kabla ya msiba nilishanunua, usiniambie habari za kugawa. Bakari anakuja mwezi ujao, nimemkabidhi, nimemwambia akivifungua uwanja wa ndege aviviringishe tena kwenye ile soksi. Kwa mama kuna dawa ya miguu na chokoleti, za Nassoro zimeandikwa jina maana najua kwenu zinavyopotea.

Sasa nijibu, kwa maandishi tafadhali, si voisi ya majogoo. Daftari la Hamza lile la jalada jekundu liko kwa nani, kwa Mwajuma au lilibaki ofisini? Kama liko ofisini umeshalifuata? Kuna visa vingapi mle alivyomaliza hujavichora? Mliwahi kusaini chochote na hilo gazeti, hata karatasi moja ya kupokelea hela, hebu pekua kwenye lile sanduku la chini ya kitanda. Yule wakili binamu yake Chuki bado yuko Tanga au kahamia Dar? Mwajuma umemuona tangu arobaini, anakula? Kidevu nimwambie mimi kuhusu meza au utamwambia mwenyewe? Na vitenge mnauzaje, maana huku Wakomoro wananiulizia za njano na nyeusi, kama dada yako anaweza kumpa Bakari wakati wa kurudi nitamtumia hela mapema.

Jibu kabla ya Ijumaa, zamu zangu zinabadilika.

Ni mimi wako,
Zai

Tatu akijifungua wa kike msimwite jina langu, nishamwambia, ana deni langu la tangu harusi.